Pikipiki ya umeme: jinsi ya kuisoma betri kwa simu, na kwa nini asilimia inakudanganya

Kijana wa kijiwe cha Goba alinifuata na lalamiko ambalo siku hizi nalisikia karibu kila wiki. "Shikamoo fundi. Betri inanizimia mlimani na dashibodi inaniandikia asilimia arobaini." Nikaitika marahaba, nikamwambia anipe simu yake. Alidhani nataka namba ya bosi wake. Muuzaji wa betri alikuwa ameshamwambia betri imekufa anunue nyingine, kwa hiyo alikuja akiwa ameshakata tamaa, anatafuta tu mtu wa pili wa kumthibitishia msiba.

Betri haikuwa imekufa. Tuliligundua hilo kwa programu ya bure, dakika ishirini, kabla hatujagusa hata skrubu moja. Nitaeleza hapa tulivyofanya, na mengine unayoweza kuyafanya mwenyewe ukiwa na simu ya kawaida ya tachi.

Kabla hujaanza, jambo moja. Mwongozo huu ni wa mwenye betri yake, au anayetumia betri ya bosi kwa mkataba na bosi ameridhia. Kama unabadilisha betri vituoni, mtindo ambao Ampersand wameuzoesha Kigali na Spiro wanao Kenya, Uganda na Rwanda, betri ni ya kampuni, kampuni inaiona kwa mtandao wake yenyewe, na wewe hufunguliwi mlango huo. Kazi yako pale ni kurudisha betri inayokupa shida na kusema shida yake.

Ndani ya boksi kuna nini

Betri ya pikipiki ni seli nyingi zilizofungwa mkia kwa kichwa. Ile ya kijana wa Goba inaitwa ya volti 72, ampea-saa 40, huo ndio ujazo wake. Ndani ina seli 24 za aina ya fosfeti ya chuma, ile ambayo kwenye stika huandikwa LFP au LiFePO4. Kila seli ina volti 3.2 hivi, kwa hiyo zidisha mara 24 upate 76.8. Ikijaa kabisa inafika 87.6, maana kila seli inajazwa hadi 3.65. Moto wote uliomo ni kama uniti 3 za LUKU, ingawa mita itakukata zaidi kidogo kwa sababu chaja nayo inakula.

Pembeni ya seli kuna kadi ya elektroniki yenye nyaya nyembamba nyingi. Hiyo ndiyo BMS, msimamizi wa betri. Kila waya mwembamba unakwenda kwenye seli yake na kuisomea volti. Seli moja ikishuka sana, kadi inakata umeme wa kutoka. Moja ikipanda sana wakati wa kuchaji, inakata wa kuingia. Moja tu inatosha. Zile 23 zinaweza kuwa na moto tele, lakini yule mmoja akianguka, pikipiki nzima inazima.

Fikiria madumu 24 ya maji yaliyopangwa mstari, na sharti ni kwamba yote yachotwe kwa pamoja, kikombe kwa kikombe. Dumu moja likikauka, uchotaji umekwisha, hata kama mengine yako nusu. Dashibodi inakuhesabia maji ya wote. Programu ya simu inakuonyesha kila dumu peke yake.

Kwanza, jua betri yako ni ya aina gani

Usiruke hatua hii, maana namba zote nitakazotaja zinabadilika kulingana na aina. Soma stika.

Ikiwa ni LFP, seli imejaa ikiwa 3.65, na kadi nyingi hukata zikifika kwenye 2.5 hivi. Ikiwa ni NMC, ile nyepesi zaidi yenye nikeli, seli imejaa ikiwa 4.2, na haitakiwi kushuka chini ya 2.8 au 3.0. Betri ya NMC ya volti 72 kwa kawaida ina seli 20, na ikijaa inasoma 84.

Stika ikiwa imebanduka, tazama chaja. Iliyoandikwa 87.6V ni ya LFP ya seli 24. Iliyoandikwa 84V ni ya NMC ya seli 20. Usiazime chaja ya jirani kwa sababu tu plagi inaingia. Plagi zinafanana hata pale ambapo volti hazifanani.

Pata programu inayolingana na kadi

Hapa ndipo wengi hukwama. Hakuna programu moja ya betri zote. Kadi za JBD zina yake, Daly wana yao, JK wana yao, ANT wana yao, na programu ya mmoja haifungui kadi ya mwingine. Kujua uliyonayo, washa Bluetooth ya simu ukiwa karibu na betri, utafute vifaa vilivyo karibu. Jina linaloanza na JK linajieleza. Linaloanza na DL kwa kawaida ni Daly. Usipoelewa jina, muulize aliyekuuzia akutajie kadi iliyomo ndani. Asipojua kadi iliyomo kwenye betri anayoiuza, hiyo nayo ni taarifa.

Kadi nyingine hazina Bluetooth kabisa. Nyingine zina tundu lake tu, unanunua kidude cha kuchomeka. Zote hizi ni vitu vya bei ya kawaida, lakini mwachie fundi akufungie.

Pakua kwenye duka rasmi la simu, au piga picha ule msimbo wa miraba (QR) uliobandikwa kwenye kadi au kwenye karatasi ya betri. Usipokee faili la programu lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp la kijiwe. Simu hiyohiyo ndiyo yenye M-Pesa yako.

Kuunganisha

1. Washa swichi ya pikipiki. Kadi nyingi husinzia zikikaa bila kazi, na zikisinzia Bluetooth nayo inalala. Isipoonekana, chomeka chaja kwa dakika moja, itaamka.

2. Usiiunganishe kupitia mipangilio ya simu kama unavyounganisha spika. Fungua programu, uiache itafute yenyewe.

3. Simu ya Android itakuomba ruhusa ya mahali ulipo, au kwenye simu mpya zaidi ruhusa ya vifaa vya karibu. Ukikataa, orodha itabaki tupu na utailaumu betri bure. Ruhusa ya kusoma majina ya watu na meseji hiyo kataa, betri haina mtu wa kumpigia.

4. Gusa jina la betri yako. Ikiomba namba ya siri, iko kwenye karatasi ya kadi. Kadi za JK, kwa mfano, hutoka kiwandani na 1234.

5. Badilisha namba hiyo siku hiyohiyo. Anayeijua anaweza kusimama mita chache kutoka kwako, akafungua programu yake, akakuzimia pikipiki. Badilisha na jina la betri pia, maana kwenye kijiwe chenye pikipiki kumi za umeme majina yote yanafanana na utaishia kusoma betri ya mwenzio.

Kadi huongea na simu moja kwa wakati mmoja. Fundi akiwa ameungana, wewe hutaiona, na huo si ubovu.

Kusoma skrini

Programu nyingi ziko kwa Kiingereza au Kichina, lakini mpangilio wao ni uleule. Juu kuna asilimia kubwa, yenye neno SOC. Pembeni kuna volti za betri nzima na ampea zinazopita. Chini kuna orodha ya seli, kila moja na volti zake. Mahali fulani kuna joto, na idadi ya mizunguko.

Asilimia uiache kwanza. Kadi haipimi moto uliobaki kama kijiti kinavyopima mafuta kwenye tangi. Inahesabu ampea zinazoingia na kutoka, na makosa madogo yanarundikana siku hadi siku, kama hesabu ya duka lisilofungwa hesabu. Hujirekebisha betri inapojaa hadi juu kabisa. Ukiwa mtu wa kuchaji nusunusu, saa moja hapa, saa moja pale, baada ya wiki mbili tatu asilimia yako ni hadithi. Na kwa LFP huwezi kukisia kwa volti, kwa sababu seli hukaa kwenye 3.2 na 3.3 safari karibu yote, kisha huporomoka ghafla mwishoni.

Nenda kwenye orodha ya seli. Tafuta iliyo juu kuliko zote na iliyo chini kuliko zote. Programu nyingi huzipaka rangi na kukuandikia tofauti yake, mara nyingi kwa neno Delta. Pikipiki ikiwa imesimama, hakuna kinachopita, katikati ya chaji, tofauti ya 0.005 hadi 0.020 ni afya njema. Ikiwa 0.050 imesimama, anza kufuatilia. Ikiwa 0.200 imesimama, usiende nayo Bagamoyo.

Hii ya kijana wa Goba ikiwa imesimama ilikuwa nzuri: seli zote 3.30, isipokuwa namba 17 iliyokuwa 3.29. Ndiyo maana muuzaji, ambaye aliipima kwa mita ikiwa mezani, hakuona kitu.

Mtihani wa mlima

Betri iliyosimama haisemi ukweli. Lazima uipe kazi.

Mpakize rafiki nyuma, mmoja tu, mshikaki hautakiwi kwenye kipimo. Yeye ndiye ashike simu, na aanze kurekodi skrini. Wewe usitazame simu ukiendesha hata sekunde moja. Endesheni tambarare kwa mwendo wa kawaida, kisha mlima, kisha vuta resi hadi mwisho kwa sekunde kumi ukiwa mahali pasipo na magari. Simameni, mtazame video polepole.

Unachotafuta ni seli inayoanguka peke yake. Zote zitashuka ukivuta resi, hiyo ni kawaida. Kwenye betri yetu, ampea 30 zikipita, seli 23 zilishuka kutoka 3.30 hadi 3.24. Namba 17 ilikwenda 2.89. Mlimani, kwenye ampea 60, wenzake walikuwa 3.18 na yeye akagusa 2.49. Kadi ikasubiri kidogo ikakata, pikipiki ikazima, na dashibodi bado inaandika 40. Kijana akasema, "Kumbe ni mmoja tu!"

Ni mmoja tu. Lakini mmoja huyo anaweza kuwa na moja ya magonjwa matatu, na dawa zake hazifanani. Hapo ndipo fedha nyingi za watu hupotea.

Kutofautisha magonjwa matatu

Utahitaji kuitazama seli hiyo mara mbili: betri inapokaribia kuisha, na inapokaribia kujaa. Chomeka chaja jioni, na saa ya mwisho kaa na simu.

Seli inayoishiwa kwanza na pia inachelewa kujaa ina njaa tu. Dumu lake ni kubwa kama ya wenzake, ila lilianza na maji machache. Wengine wanafika 3.50 yeye yuko 3.36. Dawa ni kusawazisha, na kadi hufanya yenyewe ukiipa muda. Iache kwenye chaja hadi mwisho, siku kadhaa mfululizo. Usitarajie muujiza wa usiku mmoja. Kadi nyingi za bei ndogo husawazisha kwa kuwapunguza waliojaa kwa kiasi cha ampea 0.1 au chini, kwa hiyo upungufu wa ampea-saa 2, ambao ni asilimia 5 tu ya betri ya 40, unahitaji kama saa 20 za kazi, na kazi yenyewe hufanyika seli zikiwa juu tu. Kadi zinazohamisha moto kutoka seli hadi seli, kama nyingi za JK, zinakwenda kwa ampea nzima au mbili, ni haraka zaidi.

Seli inayoishiwa kwanza na pia kujaa kwanza imezeeka, au ilitoka kiwandani ndogo. Dumu lenyewe limepungua. Wakati wa kuchaji inakimbilia 3.65 wenzake wakiwa bado 3.40, kadi inakata, chaja inawasha taa ya kijani, nawe unaondoka ukidhani umejaza. Hii haisawazishwi hata ukiiacha kwenye chaja mwezi mzima. Inabadilishwa seli, na seli mpya lazima iwe ya ujazo uleule na ilinganishwe chaji na wenzake kabla ya kufungwa. Atakayekuambia anaifufua kwa kuipiga chaji kali, mshukuru uondoke.

Ugonjwa wa tatu una dalili ya ajabu: seli inaanguka mara tu unapovuta resi na kurudi mara tu unapoachia, kama swichi. Na ukiwa kwenye chaja, inasoma juu kuliko wenzake. Ukizima chaja, inarudi kuwa sawa nao papo hapo. Hapo kuna kizuizi njiani: nati iliyolegea, kipande cha shaba kilichoshika kutu, au weldi iliyoachia. Umeme ukitoka unapoteza volti, ukiingia unaziongeza kwenye kipimo, kwa kiwango kilekile.

Tulipochomeka chaja ya ampea 10, wenzake walikuwa 3.38 na namba 17 ilisoma 3.49. Nilizima soketi ukutani. Ndani ya sekunde chache ikashuka ikalingana nao. Piga hesabu: upande wa kutoa, tofauti ya 0.35 kwa ampea 30; upande wa kuingiza, 0.11 kwa ampea 10. Gawanya volti kwa ampea, zote mbili, unapata karibu namba ileile, kama miliomu 11, ndicho kipimo cha kizuizi. Seli yenyewe nzima isingekuwa na zaidi ya mbili hivi. Tulipofungua boksi, nati ya namba 17 ilizunguka kwa vidole, na plastiki ya chini yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Tulisafisha shaba kwa msasa, tukafunga kwa kipimo, tukaenda tena mlimani. Kwenye ampea 30, wenzake 3.24, yeye 3.23.

Kufungua huko usikuige nyumbani. Volti 80 na kitu za betri hazisamehi, na spana ikigusa ncha mbili inayeyuka mkononi. Pete na saa za chuma zivuliwe. Fundi anayefungua betri huku akivuta sigara, ichukue betri yako.

Kuchaji ukiwa na simu

Mara moja kwa wiki, jaza hadi mwisho kabisa, betri ya LFP. Ndipo kadi inaposawazisha na kusahihisha asilimia yake. NMC haihitaji hivyo, na inadumu zaidi ukiiacha kwenye 80 au 90 siku za kawaida.

Kwa muda wa kuchaji usikisie. Ukiwa na asilimia 20 kwenye betri ya 40, unadaiwa ampea-saa 32. Chaja ya ampea 10 itachukua saa tatu na kitu. Ikimaliza kwa saa moja na nusu, usifurahi. Rudi kwenye orodha ya seli uone nani alijaa kabla ya wakati.

Joto ndilo linaloua betri za huku kwetu. Kuchaji kwenye baridi kali ya chini ya sifuri kunaharibu lithiamu, lakini hiyo tuwaachie wa Ulaya. Yetu ni ile ya saa nane mchana, betri imetoka kazini, boksi limepigwa jua. Tazama joto kwenye programu kabla ya kuchomeka. Ikiwa juu ya 45, ipeleke kivulini unywe maji kwanza. Kadi nyingi hukataa kuchaji joto likipanda sana, na watu huja kwangu wakisema chaja imeungua. Joto likiandika hasi 40 katikati ya Desemba, ujue waya wa kipimo umekatika, si betri iliyoganda.

Kumbuka pia kwamba vipimo vya joto ni viwili vitatu tu vilivyogundishwa kwenye seli chache. Ile nati ya namba 17 ilikuwa inaunguza plastiki na programu inasoma 36.

Ukurasa wa mipangilio: mikono nyuma

Programu hizi zina ukurasa ambao unaweza kubadilisha kila kitu, na ndio unaonitia hofu. Kila kijiwe kina mtaalamu mmoja anayekushushia kiwango cha kukatia hadi 2.0 ili "upate kilomita za bure". Utazipata, kama mbili hivi, kwa sababu chini ya 2.5 seli ya LFP haina tena moto wa maana. Ikishuka sana, shaba ya ndani huanza kuyeyuka kwenye maji ya seli, na siku utakayoichaji inaweza kujiunga yenyewe kwa ndani. Kupandisha juu ya 3.65 nako hakuongezi kitu ila joto.

Kwa hiyo idadi ya seli, aina ya seli, volti za kukatia juu na chini, ampea za mwisho na joto la mwisho visiguswe. Ruhusa unayo kwenye jina, namba ya siri, na ujazo wa betri kama aliyefunga aliandika vibaya. Nimeshaona betri ya 40 iliyoandikwa 60 ndani ya kadi. Mwenyewe alikuwa anajisifu kuwa betri yake haishuki chini ya asilimia 35. Ilikuwa inazima kwenye 35.

Kuna swichi mbili pia, ya kuingiza na ya kutoa umeme. Ya kutoa ukiizima, pikipiki haiendi, na wengine huitumia kama kufuli usiku. Inasaidia, lakini usiiguse kamwe pikipiki ikiwa inatembea. Na piga picha ya kurasa zote za mipangilio siku ya kwanza, ili siku mtoto akichezea simu ujue cha kurudishia.

Ukinunua betri iliyotumika, ya mkononi

Nenda na programu. Tazama mizunguko, lakini ujue inavyohesabiwa: si mara ulizochomeka chaja, ni jumla ya ampea-saa zilizotoka ikigawanywa kwa ujazo. Na kadi ikibadilishwa, hesabu inaanza sifuri, kama mita ya daladala iliyobadilishwa. Betri yenye mikwaruzo ya miaka miwili na mizunguko 6 ina hadithi ambayo haijasimuliwa.

Kipimo cha kweli ni hiki: jaza hadi mwisho, tumia hadi kadi ikaribie kukata, hesabu ampea-saa zilizotoka. Zikitoka 33.5 kwenye betri ya 40, imebaki na asilimia 84. Muuzaji asiyekubali uitumie siku moja kwa dhamana, basi bei iwe ya betri usiyoijua.

Betri iliyowahi kuzama masika, iache. Programu haioni maji, haioni boksi lililopasuka, haioni seli zilizovimba, hainusi ile harufu tamu ya gundi inayotoka kwenye seli inayovuja. Hayo ni ya macho na pua yako. Na plagi kubwa ya umeme ikiwa ya moto baada ya safari, shida iko nje ya boksi, programu itakuambia kila kitu ni salama.

Daftari

Kila Jumapili baada ya kujaza, andika vitu vinne kwenye lilelile daftari la hesabu ya bosi: tofauti ya seli ikiwa imesimama, namba ya seli ya chini kabisa mlimani na volti zake, joto la juu la wiki, na kilomita ulizotembea kwa chaji moja. Mlima uwe uleule kila mara. Namba moja peke yake haina maana. Lakini seli ileile ikiandikwa 3.17, kisha 3.15, kisha 3.10 ndani ya miezi mitatu, umepata taarifa wiki kadhaa kabla ya kuzimikiwa, na mkononi una ushahidi wa kumpelekea muuzaji dhamana ikiwa bado hai.

Ikikata ukiwa barabarani

Sogea pembeni, mshushe abiria. Usiwashe na kuzima swichi mara kumi kwa hasira. Fungua programu utazame seli ya chini na ujumbe wa kosa kabla haujafutika, upige picha ya skrini. Seli ikiwa imerudi juu ya 3.0 baada ya dakika mbili, washa, nenda polepole peke yako, ukitumia ampea 15 au 20, hadi kwenye soketi ya karibu. Ikiwa imebaki chini ya 2.5 hata ikiwa imesimama, sukuma. Na ikiwa kosa lililoandikwa ni joto, kaa kivulini nusu saa. Kijana wa Goba ananiambia sasa abiria wake wanamwona akitoa simu mlimani wanadhani anaangalia ramani.